Sahani ya Shangazi

Kila mwaka mpya wa Kichina ukikaribia, wenye maduka ya jumla hapa Johannesburg huniita niwaandikie karatasi nyekundu za kubandika milangoni. Wateja hushangaa kumwona mtu wa Tanga kashika brashi, wengine wananipiga picha. Nawaitikia kwa kichwa tu. Sifa hizo zingenifurahisha zaidi kama nisingekumbuka zilivyopatikana.

Nilikuwa mpakuzi wa maboksi katika duka la vyombo. Baba wa tajiri wangu, mzee mfupi wa Kichina asiye na mazoea na mtu, kila asubuhi kabla ya duka kufunguliwa aliandika kwa brashi na maji juu ya vigae vya sakafu. Maandishi yakikauka, anaanza upya. Nilisimama kumwangalia hadi siku moja akanipa brashi kuukuu iliyopukutika nywele, nadhani ili nimwondokee. Hakujua mimi ni mbishi. Mshahara wangu uliishia kwenye kodi na unga. Karatasi na wino wa Kichina nilivitazama rafuni kwa macho tu. Brashi nikaifunga uzi. Nyumbani, katika chumba cha Joubert Park tulichokigawa kwa pazia, nikajifunza juu ya sahani nyeupe, kwa rangi ya biriani niliyoikoroga na maji. Sahani haiishi: unaandika, unafuta, unaandika tena.

Mzee alinipa neno moja tu la Kichina, lenye maana ya milele, kwa sababu ndani yake kuna kila namna ya kuivuta brashi. Asubuhi naliandika kwa maji pale dukani, naye akitazama, anasema kwa Kiingereza chake cha kubahatisha, "Futa." Niliisikia hiyo futa hadi ndotoni. Mabega yanauma kwa maboksi, tumbo halina kitu cha maana, nami najikaza kisabuni, nafuta. Sheria yake ilikuwa kwamba kilichopinda hakionyeshwi mtu, na kwa miaka ile nikaifanya kuwa yangu.

Upande wa pili wa pazia alilala shangazi yangu, dada wa marehemu baba, ndiye aliyenilea. Figo zilikuwa zimemchosha na macho yamefifia. Jioni moja neno lilikaa vizuri kuliko siku zote. Niliiacha sahani mezani ikauke, nikateremka kununua mkate kwenye spaza, kiduka cha mtaani. Niliporudi, sahani ilikuwa imeoshwa, na shangazi anajipangusa midomo.

"Mwanangu, leo umenikumbuka," akasema. "Mkono wa kaka yangu huu huu."

Baba alikuwa mwandishi wa makombe kule Tanga. Aliandika aya kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji ya waridi, mgonjwa akanywa. Shangazi aliona sahani nyeupe yenye maandishi ya manjano, akamaliza kazi. Uso wake ulikuwa na nuru ambayo sikuwa nimeiona kwa miezi mingi. Ningeweza kunyamaza, lakini kumwacha aamini kwamba kanywa maneno ya Mungu niliogopa. Nikamwambia ni Kichina, na maana yake ni milele.

Alicheka mpaka akakohoa. "Eish, na bismillahi nimeipiga." Kisha akanisogezea sahani. "Milele ni ya Mwenyezi Mungu peke yake. Sasa niandikie kombe lenyewe. Sura ya Alhamdu inatosha."

"Nitakuletea shehe wa msikitini, shangazi."

"Simtaki. Mkono huo ni wa kwetu, na umebaki kwako."

Haukubaki kwangu. Baba alipokuwa akiniita nikae nishike kalamu ya mwanzi, mimi nilikuwa mpirani. Hata hivyo nikaketi. Herufi za Kiarabu ninazozisoma tangu utotoni zilitoka na mabega kama za Kichina, nene mwanzo na zimechongoka mwisho, kila moja imesimama peke yake kana kwamba imegombana na jirani. Niliona haya.

"Kesho, shangazi," nikasema. "Bado haijakaa."

Nikafuta. Kesho yake nikafuta tena. Kila jioni aliuliza kutoka nyuma ya pazia kama iko tayari, na mimi nikajibu, "Karibu." Moyoni nilidhani ndiyo heshima, kutompa dada wa baba kitu kibovu.

Maji yaliyoosha aya hayamwagwi kwenye sinki. Kwa hiyo niliyashusha ngazi ndani ya kikombe, nikayamwaga katika bustani ya umma ya mtaani, kwenye shina la mti, mahali pasipokanyagwa. Niliteremka na kupanda hivyo wiki nyingi, na shangazi akafariki kabla sijaridhika na mstari wa kwanza.

Hakuwa ameomba uzuri. Macho yenyewe hayakuwa yakiona vizuri. Ile ya siku ya kwanza, pamoja na kupinda kwake, angeinywa, angenishukuru, angelala. Najuta, na sina pa kuyapeleka majuto haya. Nikipita bustanini huutazama mti ule. Ndio uliokunywa Alhamdu zote za shangazi yangu.