Fundi Asiyezima Mashine

Fundi wetu wa kompyuta ni mama atokaye Kibabii na thamosi yake ya chai, na kabla hajasalimia mtu huondoa mkono wangu kwenye swichi. Mimi ndimi mtaalamu wa ghala la mahindi hapa Kitale, na dawa yangu ni moja tu: zima, washa. Leo nilikuwa nimeona mafaili ya saizi sifuri, nikayafuta kama takataka. Kumbe ndiyo milango ambayo mashine hupitia kufikia printa na mizani. Mizani ikanyamaza, foleni ya matrekta ikafika barabarani.

"Usizime, bana. Ukizima, kilo zote zilizopimwa asubuhi zimepotea," alisema fundi. Huandika kwa vidole viwili, akinong'ona kila herufi kama anayehesabu vifaranga, na kwa kila mlango anaorudisha hupiga funda moja la chai. Kwenye funda la tano, mizani ikalia tii.

"Nani alifuta?" aliniuliza.

"Ni stima, madam. Ilisumbua, taa zikapepesa kidogo."

Akafunika thamosi, akafungua orodha ya amri zilizoandikwa asubuhi, pamoja na jina la aliyeziandika, akanigeuzia skrini taratibu.

"Sasa hii stima ilijua aje paswadi yako?"