Nafasi ya Nekesa Nilimpa Mtoto wa Shemeji

Nimekosa, jamani. Nimekosa na hapa kwetu Lugari sina mtu wa kumwambia, kwa hivyo nawaambia ninyi msionijua. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya umma kijijini, upande wa Chekalini. Jina langu niachieni.

Mnazijua zile shule kubwa za bweni ambazo kila mzazi anazililia. Zamani zilijaa watoto wa akademi, zile shule za kulipia za mjini. Sisi walimu wa vijijini tukapiga kelele mikutanoni, mimi nikiwa wa kwanza kushika maikrofoni, tukitaka watoto wetu watengewe nafasi zao. Tukasikizwa! Sehemu yetu ikapata nafasi moja katika shule ya wasichana ambayo hatukuwahi kuiota, nafasi ya msichana wa shule za umma atakayeongoza. Siku hiyo nilicheza mbele ya walimu wangu, na viatu nikavua.

Halafu nikaja kuiharibu mwenyewe.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, anaishi Kakamega mjini na ana uwezo. Binti yake, Nanjala, amesoma akademi tangu chekechea. Mtihani wa gredi ya tisa ulipokaribia, shemeji akaja nyumbani akitabasamu.

"Shemeji, ni kuandikisha tu. Akuwe mtoto wa shule yako. Atakuja siku za mtihani, basi."

Nilikataa. Nawaapia nilikataa! Lakini Nanjala alipewa jina la marehemu mama mkwe wangu, na kwetu mtoto wa namna hiyo si mtoto tu. Mume wangu humwita "mama". Akija, humpisha kiti. Shemeji alipoondoka, mume wangu akanigeukia.

"Mama Sifa, yaani mama yangu akose shule, na wewe ndiyo mwalimu mkuu?"

Nyumba ikanuna. Chai nikawa nakunywa peke yangu jikoni. Mwishowe nikakubali.

Nanjala alikuja kwenye mtihani na sare mpya, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Aliyempokea ni Nekesa. Akamwonyesha choo, akamkopesha rula. Huyu Nekesa analelewa na nyanya yake, wanalima mahindi kwenye kipande kidogo nyuma ya soko. Hesabu anazifanya kama mtu anayetafuna njugu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia mbele ya darasa zima, "Wewe, bweni ni lako."

Matokeo yakatoka. Nanjala alimpita Nekesa kidogo tu, na si ajabu, maana kwao kuna mwalimu wa ziada na stima ya kusomea. Nafasi yetu ikamwendea yeye. Nekesa akapangiwa shule ya kutwa ambayo maabara yake ni chumba kitupu chenye kufuli.

Basi nyanya yake akaja ofisini na kuku mkononi. Jamani, kuku!

"Mwalimu, ingokho ni hii tu nimepata. Wewe ndiyo unajuanga mambo ya shule. Niambie, huyu mtoto alianguka wapi? Maana alikuwa anasomanga mpaka namfukuza alale."

Nekesa alisimama kando yake akinitazama usoni. Tulikuwa watatu tu, mlango umefungwa. Hapo ndipo ningesema. Nikafungua kinywa nikasema, "Alijaribu, lakini hakutosha. Angeongeza bidii kidogo."

Nilisema hivyo! Mimi! Na kuku nikapokea, kwa sababu kumkataa kungeleta maswali. Tulimchinja. Mume wangu akala firigisi yake vizuri tu.

Nilijaribu kurekebisha. Nikampigia shemeji, akadhani napiga kupongeza. Nikaenda ofisi ya elimu kuulizia, kwa mzunguko, kama aliyepata akiiacha, nafasi itamrudia aliyemfuata. Wakaniambia hapana, kompyuta itampa mwingine yeyote, kutoka popote. Kwa hivyo nikisema ukweli leo nitafutwa kazi, Nanjala atafukuzwa shule, ndoa yangu sijui, na Nekesa bado hatapata chochote. Nimelifikiria jambo hili mpaka nimechoka. Sioni pa kutokea.

Juzi nikamkuta Nekesa sokoni akiuza mahindi ya kuchoma. Nikamuuliza amechagua masomo gani. Akasema sayansi ameacha, na hesabu amechukua zile nyepesi.

"Kwa nini, Nekesa?"

"Si wewe ndiyo uliniambia sikutosha, mwalimu? Nikaona nisijisumbue."

Alisema kwa heshima, bila kinyongo, kama anayenishukuru kwa ushauri. Nikamshika mkono nikamwambia yeye ana akili kuliko watoto wote niliowahi kufundisha.

Akacheka, akayageuza mahindi yake. "Mwalimu, unanihurumianga tu."

Nikanunua hindi nikaenda zangu. Ningefanya nini kingine?

Walimu wenzangu, nawasihi. Na ninyi wazazi mnaobisha hodi kwa walimu kwa sababu ya undugu, nawasihi pia. Nafasi hizi tulizililia wenyewe, tusiziibe wenyewe! Lakini kama umeshaiba, kama mimi, na mtoto akaja kukuuliza alikosea wapi, tafadhali usimwambie ni akili yake iliyopungua. Atakuamini!