Udaga wa mama kiwanja cha ndege Kibondo, na chama kilichowafanya marubani wazunguke kwanza

Wakuu, hamjambo humu. Hii sijasimuliwa, nilikuwepo kwa macho yangu.

Miaka ya tisini nilikuwa napokea mizigo kiwanja cha ndege Kibondo. Msiwaze lami. Changarawe ngumu, jua linapiga kutwa, ndiyo maana kina mama wa jirani walianika udaga pale, ule muhogo uliovundikwa.

Enzi za shirika moja la ndege haikuwa ishu. Siku ya ndege ilijulikana kama siku ya gulio. Asubuhi wanazoa, ikiondoka wanaanika.

Likaja soko huria. Kampuni binafsi zikaota kama uyoga, na wakimbizi walipofurika, mashirika ya misaada yakawa yanakodi ndege kila leo. Zinatua saa yoyote. Sasa jamani, utazoa muhogo mara ngapi?

Siku moja dada yangu Yustina akashikwa uchungu, mtoto amekaa vibaya. Daktari akasema Mwanza, haraka. Wakaita ndege kwa redio.

Ikawahi kuliko sisi. Tuko njiani na machela, mama kashika mkono wa Yustina, tunaiona inashuka.

Kina mama waliosikia injini kila mmoja alizoa wake. Wa mama yetu ukabaki katikati ya kiwanja. Kwetu muhogo wa mtu hauguswi bila mwenyewe, utaitwa mwizi au mchawi.

Rubani akauona, akapandisha ndege juu, huyoo! Kuzunguka kunakula mafuta, na kampuni nyingine ilikuwa inawanyemelea abiria wake wa Kasulu. Akaenda kutua huko, tukaarifiwa kwa redio.

Tukamfuata kwa gari. Barabara ile enzi zile, we acha tu.

Yustina alipona. Mtoto hapana.

Mama alilia, "Nimemzuia mjukuu wangu kwa udaga!"

Baadaye wenye ndege ndogo, ambao walikuwa wameunda chama chao, wakamtuma mjumbe. Kusema kweli nilijua ni chama cha kupandisha nauli tu. Akaitisha mkutano palepale kiwanjani, akaanza na marufuku: kuanika mwisho leo.

Mama akasimama.

"Mwanangu, muhogo hauna masikio. Mimi ninayo. Zamani tulijua siku yenu. Siku hizi mnajua wenyewe. Mngezunguka mara moja tu, ningefika."

Mjumbe akainamisha kichwa. Akasema, "Mama, mmoja akizunguka peke yake, mwenzake anamuwahi. Labda tuzunguke wote."

Na kweli wakapitisha. Kila ndege izunguke juu ya soko kwanza, ndipo itue. Atakayekaidi, hapati mafuta kwenye mapipa ya chama. Wiki chache tu, wote wamenyooka!

Nilichojifunza: ushindani ni mzuri, unaleta ndege. Ila kuna jambo jema ambalo hakuna mfanyabiashara atakayelifanya peke yake, akiogopa kuliwa na wenzake. Hapo ndipo chama kina kazi. Ninyi mlio kwenye vyama vya biashara, vyenu vimewahi kumsikiliza asiye mwanachama? Mwageni experience zenu.

Mama hakuanika tena pale. Lakini ndege ikizunguka, anatupa jembe, anakimbia kuzoa udaga wa wenzake bila kuomba. Hakuna aliyewahi kumwita mwizi.

Sasa miguu imechoka. Akisikia injini anauliza tu kutoka kitandani, "Wamezoa?"

Namjibu, "Wamezoa, mama."