Swichi ya Sebuleni

Baba yangu nimemjua akidanganya mara moja tu, na alidanganya kwa ajili yangu. Baba ya mchumba wangu, mzee mkali wa Sotik, alipiga simu kupanga siku ya kuja kuniposa. Katikati ya salamu akauliza kama stima imefika kwetu. Baba akajibu bila kupepesa macho, "Iko."

Haikuwako. Kwetu, nje kidogo ya Sigor, tulikuwa na paneli za sola, betri mbili, na pampu ya kuvuta maji kutoka kisimani kule bondeni hadi kwenye tangi lililosimama juu ya paa. Lakini baba akishasema neno, nyumba nzima sharti ilifuate. Akanunua swichi nyeupe za ukutani, zile zinazong'aa, za watu wenye stima, akamwita fundi azifunge sebuleni.

Fundi alifunga za taa bila maneno. Alipofika kwa ya pampu akasita. "Mzee, hii tuweke ya DC, ya moto wa betri," akasema, akitoa kidude cheusi, kinene, chenye mkono mwekundu.

"Hiyo inakaa ya trekta," baba akasema. "Wageni wataona nini? Weka nyeupe."

Maskini fundi alijaribu. Akaeleza kwamba stima ya nguzo hupanda na kushuka bila kukoma, na kila ikifika sufuri, cheche ndani ya swichi hufa. Ya betri haishuki. Taa ndogo hazina neno, lakini pampu inavuta moto mwingi, na cheche yake hukaa pale ikichoma chuma mpaka vipande vishikane.

"Ni swichi ama si swichi?" baba akauliza. Ikawekwa nyeupe.

Siku ya wageni nilikuwa jikoni na mama na shangazi zangu, mlango ukiwa wazi kiasi cha jicho moja. Niliogopa, tena si kidogo. Nilimpenda mchumba wangu, na nilijua babake akikamata uongo mdogo ataanza kuutafuta mkubwa.

Baba alivaa suti ya kanisani na alikuwa na furaha isiyo na breki. Akawasha taa mchana kweupe, akazizima. Akabonyeza ya pampu. "Na hii inaleta maji mpaka hapa!" Akaibonyeza tena kuizima. Swichi haikulia kama kawaida yake. Ililegea tu, kama jino la mtoto. Baba alikuwa ameshageukia viti.

Mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, ikazunguka, maombi yakaombwa, mzee mmoja wa wageni akasafisha koo aanze maneno. Hapo ndipo mvua ilipoanza kupiga mabati juu ya vichwa vyao.

"Baraka!" yule mzee akapaza sauti. "Mungu amejibu mbele yetu." Wageni wakaitikia amina.

Jua lilikuwa linawaka dirishani. Baba ya mchumba wangu aliangalia dirisha, akaangalia dari, kisha akamwangalia baba.

Baba angeweza kuitikia amina, yakaisha. Niliona mdomo wake ukifunguka. Kisha akaufunga, akainuka, akatoka mbio na suti yake, akapita chini ya maji hadi kwenye stoo ya betri na kung'oa waya. Mvua ikakatika.

Aliporudi alikuwa amelowa mpaka soksi. "Hiyo si mvua," akasema. "Ni tangi limefurika. Swichi imeshikana. Na stima sina, wazee. Ni betri. Nilisema iko kwa sababu sikutaka msichana wangu aonekane ametoka kwa giza."

Nilishika fremu ya mlango. Nililia, na sikujua kama nalia kwa aibu au kwa kumpenda.

Baba ya mchumba wangu aliweka kikombe chini. "Tulijua tangu barabarani," akasema. "Hakuna nguzo hata moja. Mimi nilikuwa nangoja tu nione kama utaitikia amina kwa hiyo mvua."

Kisha akapigapiga kiti kilichokuwa kando yake. "Kuja ukae, bamwai."

Hilo ni jina wanaloitana wazazi ambao watoto wao wameoana, na mahari ilikuwa bado haijatajwa.