Nyutroni Mbili za Mama Pacha

Mwenzangu wa ofisini tunamwita Mama Pacha, na hata baada ya kumzika binti yake mmoja hakuna aliyethubutu kulibadilisha jina hilo. Kazi yake ni kukokotoa viini vya atomu vilivyojaa nyutroni kupita kiasi, hasa kile cha lithiamu-11, ambacho nyutroni zake mbili za nje huzurura pembeni kama ukungu; ziko nje ya nyumba, lakini bado ni za nyumbani. Kila asubuhi huzichora ubaoni kwa kalamu nyekundu, vidoti viwili, halafu huvitazama huku akijisugua dole gumba. Sauti yake ni ya chini, kama ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Siku moja mkono wa shati langu ulifuta kidoti kimoja kwa bahati mbaya. Aliruka kutoka kitini akafuta cha pili kwa kiganja. “Ukiitoa moja, nyingine haikai,” akaniambia. “Kufumba na kufumbua, nayo imekwenda.”

Mchana humpigia simu binti aliyebaki. Jana vidole vyake vilikuwa na wino, basi akaiweka simu mezani na kufungulia spika.

“Umekula, mwanangu?”

“Nimekula, mama.”

“Na mwenzako?”

Nilikuwa nyuma yake, nimezuia pumzi. Sikukohoa wala kusogeza kiti.

“Naye amekula,” mtoto akajibu. Kisha akashusha sauti: “Mama, anauliza, huyo aliyekaa nyuma yako mbona hapumui?”