Paka wa marehemu na dawa ya kwenye simu

Ndugu msimamizi wa ukurasa huu, nakuomba ulifunike jina langu, kwa maana huyu ninayemsimulia ninasali naye kanisa moja.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na miwili. Nilizaliwa Kongo, nikasomeshwa na mapadri, na tangu turudi Rwanda nimekuwa daktari wa mifugo huku Rusizi, upande wa Nzahaha. Ng'ombe, mbuzi na nguruwe ndio walionizeesha. Siku hizi tunaletewa pia mbwa na paka, na wenye nao wengi huwa wameshaiuliza simu kabla ya kutuuliza sisi. Mimi sichukii jambo hilo. Mtu akinionyesha alichokisoma, hukaa naye tukakipima pamoja, kwa kuwa anayetafuta ni yule anayejali.

Mwenzangu wa kazi haoni hivyo. Siku moja, nikiwa mlimani kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, alifika mjane wa rafiki yangu. Nimwite Maman Faraja. Alishika simu, akitaka kuuliza juu ya minyoo ya paka wake. Mwenzangu akamwambia mbele ya watu: "Maman, kama telefone imesomea udaktari, basi ikuandikie ordonansi ya dawa, na sindano ichome yenyewe!" Walionisimulia walisema watu walicheka sana, na mama mwenyewe akacheka nao, akaifunga simu kwenye kitenge, akaenda zake.

Nieleze kuhusu paka huyo. Marehemu mumewe, ambaye tulifundisha naye katekisimu, alimlaza kifuani muda wote wa ugonjwa wake. Baada ya mazishi paka hakukubali kutoka kwenye kiti cha mzee. Mama akawa anasali sala za jioni kwa sauti mbele ya kiti kile, kana kwamba nyumba bado ina watu wawili.

Mwezi uliopita paka alishikwa na homa. Mama hakuja kwetu. Alitazama video ya mtu asiyemjua, akasaga paracetamol, dawa yetu sisi watu, akaichanganya na maziwa. Aliponiletea paka ndani ya kikapu, uso wa paka ulikuwa umevimba na fizi zimegeuka rangi ya udongo. Dawa ile, ndugu wasomaji, humtuliza mtoto wa mtu na kumuua paka, hata kwa kidonge kimoja. Nilijaribu kwa vyote nilivyokuwa navyo. Akafia mikononi mwangu.

"Maman, mbona hukuja mapema?"

"Niliogopa banicheke tena, Papa."

Kisha akanishika mkono. "Uniambie. Ni homa ndiyo ilimuua? Nilimupa kinini moja tu ya ile paracetamol. Pengine ilikuwa kidogo."

Nimezoea kumwambia mfugaji ukweli mbele ya ng'ombe aliyekufa. Siku hiyo niliukwepa. Nilisema, "Tumwachie Mungu, Maman," naye akalipokea neno hilo kama jibu.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, alinifuata akitabasamu, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu tumzike mumewe. Mama mmoja wa kwaya amemwahidi mtoto wa paka.

"Huyu hatakufa, Papa. Vinini vilivyobakia niliviweka juu ya kabati. Akishikwa na homa tu, nitamupa mbili."

Nilimpongeza. Nikarudi nyumbani, nikaanza kuwaandikia ninyi.

Mtoto huyo wa paka analetwa Jumamosi. Nikinyamaza, kabati lile linamngoja. Nikisema, mama atajua kwamba kiumbe wa mwisho aliyemlilia mumewe pamoja naye aliuawa na mkono wake mwenyewe, mkono uliokuwa ukimpenda. Kusema nitasema; hilo nimekwisha kuliamua mbele za Mungu. Ila maneno sina. Nishaurini, hasa ninyi mliofiwa: kama ingekuwa ninyi, mngetaka kuambiwaje?