Mipira ya Wageni

Mwalimu Philomena alikulia Kagongwa, katika nyumba yenye kabati la vioo. Ndani ya kabati kulikuwa na vikombe vya maua ambavyo hakuna mtoto wa nyumba ile aliyewahi kuvinywea. Vilikuwa vya wageni. Kila Jumamosi mama yake alivitoa, akavifuta, akavirudisha, na watoto wakaendelea kunywea uji kwenye vya bati vilivyobonyea. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Philomena akawa mtunzaji wa kupigiwa mfano, mtu wa kununua viatu vya sikukuu akavihifadhi hadi vikambana.

Huyo ndiye aliyekabidhiwa michezo ya shule. Fedha za serikali za michezo zilipoingia, mwalimu mkuu akanunua mipira, ya miguu na ya pete, bado inanukia duka. Watoto walishangilia mpaka vumbi likatimka. Philomena akaipokea kwa mikono miwili, akaifungia stoo. Tumtendee haki: hakuiba hata mmoja. Aliipanga juu ya meza, akaifunika kwa kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe, na wakaguzi walipokuja alikifunua taratibu kama shela ya bibi harusi. Wakamsifu. Walimu wenzake walipouliza kwa nini watoto hawaichezei, aliwajibu, "Kwenye changarawe hii? Wataibabua wiki moja tu. Akiba haiozi."

Vipindi vya michezo vikaendelea kwa mpira wa matambara uliofungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Na kwa mpira huohuo, Mbuke wa darasa la sita alikuwa hakamatiki. Binti wa mzee Bujiku, mfugaji, mrefu kama mtama wa msimu mzuri, alitupia peteni kutoka popote. Mashindano ya kata yalipokaribia, ikajulikana kwamba mwalimu wa timu ya wilaya atakuja kuchagua wasichana. Philomena mwenyewe alikwenda kumwambia Bujiku, "Huyu atachaguliwa, mzee wangu. Njoo uone." Bujiku akawaacha ng'ombe wake kwa jirani, akaja.

Uwanjani, Mwalimu Luka wa shule ya jirani alimsalimu Philomena kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mwalimu!" Kwapani alishika mpira uliobabuka ngozi yote.

"Luka, huo ni mpira au kiazi cha kuchoma?" Philomena akamtania. Kisha akatoa wake mkobani, mpya, unang'aa. Waliokuwa kando wakaguna kwa kupendezwa, mwamuzi akauchagua uwe wa mchezo, na Philomena akahisi kichwa kinavimba.

Filimbi ikapulizwa. Mpira wa matambara ukianguka hulala pale ulipoangukia. Huu ulidunda. Wasichana wa Philomena waliinama kuuokota, wakaukuta umeshawapita juu ya vichwa. Mbuke aliruka kudaka, ukampiga kifuani ukaenda zake. Alipotupia peteni kwa nguvu alizozizoea, ulivuka mlingoti ukaangukia miguuni mwa watazamaji. Watu wakacheka. Mara ya pili wakacheka zaidi. Baadaye Mbuke akawa anaukwepa mpira, mikono ameikunja kifuani. Watoto wa Luka, waliolelewa na kile kiazi, waliucheza mpira wa Philomena kana kwamba ni wao. Mwalimu wa wilaya aliwaandika wawili kati yao. Kwa Mbuke hakutazama tena.

Philomena alitamani ardhi ipasuke immeze. Bujiku alimpitia karibu, akasema kwa heshima ileile, "Ahsante, mwalimu," akaondoka kuwafuata ng'ombe wake. Angemtukana, ingekuwa nafuu.

Kisha akaja Mbuke, macho mekundu, mpira mikononi. Alikuwa ameufuta vumbi kwa sketi yake ya shule hadi ukang'aa.

"Utusamehe, madam," alisema. "Tumekuaibisha. Lakini mpira haujachubuka."

Philomena akaupokea. Alitaka kusema kwamba aibu ile haikuwa ya mtoto, bali yake yeye mtu mzima mwenye ufunguo wa stoo, lakini akaishia kuutia mpira mkobani. Njia nzima ya kurudi alitembea nyuma ya watoto ili wasimwone uso.

Asubuhi iliyofuata alifungua stoo, akakiondoa kile kitambaa, akaitoa mipira yote akaimwaga katikati ya kiwanja. Akaita watoto waje wacheze. Walikuja mbio, kisha wakasimama mbali kidogo, hakuna aliyegusa. Wengine walianza kuchomekea mashati.

Mbuke ndiye aliyesogea. Alitazama mipira, akatazama barabarani, akajifuta mikono kwenye sketi.

"Madam," akauliza, "leo wageni wanatoka wapi?"